Gunia la Mchele na Ufuasi wa Kristo



Wapendwa katika Kristo, juma lililopita tulikuwa wageni wa Jumuiya mojawapo ya parokia yetu. Neno la Mungu lilisomwa, maombi yakatolewa, taarifa ya michango ikasomwa kwa kirefu kama ilivyo kawaida, nasi tulikwisha kusimama ili kutoa baraka, pale baba mmoja aliponyoosha mkono na kutuomba tukae tena. Baba huyu amepewa na mfanyabiashara mmoja kazi ya kupima mazao ya wakulima. Alieleza kwamba tajiri wake amemwagiza "kuirekebisha" mizani kabla msimu haujaanza, ili kila gunia la mkulima lipungukiwe na kilo kadhaa. Akikataa, yupo kijana mwingine anayeingojea nafasi hiyo. Yeye ana watoto 4 shuleni. "Padre," akauliza, "nifanye nini msimu ukifunguliwa?" (Tunaandika haya kwa ruhusa yake, na hayakusemwa katika kitubio bali mbele ya Jumuiya nzima.)

Jumuiya ilinyamaza. Wapo waliotazama chini, na wapo waliotutazama sisi. Mwishowe mama mmoja akasema tumwombee, tukamwombea, tukafunga. Tulirudi nyumbani kwa miguu tukiwa na aibu, maana swali lilikuwa limeulizwa wazi kabisa, na jibu letu lilikuwa Salamu Maria 3. Hatusemi kwamba sala ni kitu kidogo, Mungu apishe mbali. Lakini mtu aliyeuliza njia, akabarikiwa na kuachwa palepale njiapanda, bado hajaijua njia.

Tangu jioni ile tumekuwa tukijiuliza huu ufuasi wa Kristo tunaouhubiri kila Dominika ni ufuasi wa siku gani. Parokia yetu inao waamini wanaojua novena zote za mwaka, wasiokosa Rozari ya Oktoba, wenye sare safi za vyama vya kitume na wenye kutoa zaka kwa wakati. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Hata hivyo, ukimwuliza mmoja wao jinsi anavyomfuata Kristo, atakutajia yale anayoyafanya kanisani, na mara chache sana atakutajia duka lake, darasa lake, karakana yake au kiti chake cha ofisini, mahali ambapo anatumia saa nyingi za juma. Ni kama vile Ubatizo ulimwagiwa kichwa tu, na mikono ikabaki mikavu.

Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano waliliona jambo hili mapema. Katika hati ya Gaudium et Spes, iliyotangazwa tarehe 7 Desemba 1965, namba 43, waliuhesabu utengano kati ya imani inayokiriwa na maisha ya kila siku kuwa miongoni mwa makosa mazito ya nyakati zetu. Tutazame vizuri: hawakuwa wakiwaongelea wapagani. Walikuwa wakituongelea sisi tunaokomunika. Nayo hati ya Lumen Gentium, namba 31, iliyotangulia mwaka 1964, ilikwisha kufundisha kwamba mwito wa mwamini mlei uko katikati ya malimwengu, katika kazi na shughuli zote za maisha, na kwamba huko huko ndiko anakopaswa kuutafuta Ufalme wa Mungu. Mlei si msaidizi wa padre aliyekosa kanzu.

Maandiko Matakatifu nayo yanashangaza yakisomwa kwa jicho hili. Lawi hakuitwa akiwa hekaluni. Bwana alimkuta ameketi forodhani, penye hesabu na sarafu (Lk 5:27). Tena watoza ushuru walipomwendea Yohane Mbatizaji wakitaka ubatizo, walimwuliza swali lile lile la baba yetu wa mizani: wafanye nini? Yohane hakuwaambia waache kazi wakakae naye jangwani wakila nzige. Aliwaagiza wasitoze zaidi ya kiasi kilichowekwa. Askari nao aliwaagiza wasimdhulumu mtu, watosheke na mishahara yao (Lk 3:12-14). Jibu hilo ni la kawaida mno, jibu la kiofisi hasa, hata mtu anaweza kulipita akitafuta jambo la kiroho zaidi. Lakini Mwinjili aliona linafaa kuwekwa mwanzoni kabisa mwa Injili, kabla Bwana hajaanza kuhubiri. Ni dhahiri kwamba njia ya Bwana hutengenezwa hata juu ya meza ya ushuru.

Wapendwa, yupo mtu mmoja ambaye tungependa baba yule amfahamu, kwa sababu naye alijikuta mahali pale pale, tena katika nchi jirani na katika mji unaosema Kiswahili kama sisi. Jina lake ni Floribert Bwana Chui Bin Kositi. Alizaliwa mwaka 1981 mjini Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, karibu na mpaka wa Rwanda. Alisomea sheria. Alikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, na kwa njia hiyo aliwahudumia watoto wa mitaani, akiwasaidia kwenda shule. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini, akiwa msimamizi wa upande wa bidhaa zilizoharibika. Ikaja shehena ya mchele uliooza. Waliotaka uingie sokoni walimpa dola 1,000, wakaongeza, hata ikafika dola 3,000. Alipigiwa pia simu za kumshinikiza. Akakataa. Alitekwa tarehe 7 Julai 2007, akateswa, akauawa tarehe 8. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Baba Mtakatifu Fransisko aliwasimulia vijana na makatekista habari zake huko Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Floribert alitangazwa kuwa Mwenye Heri katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma. Siku ile mji wake wa Goma ulikuwa umeshikwa na waasi wa M23 tangu mwezi Januari wa mwaka ule ule. Mama Kanisa amemtambua kuwa ni mfiadini. Wengi tumezoea kufikiri kwamba mfiadini ni mtu anayeamriwa kuukana Msalaba hadharani. Hapa hakuna aliyemwamuru Floribert aukane Msalaba. Aliombwa apitishe mchele.

Nabii Amosi aliwahi kuwakemea wafanyabiashara wa Israeli waliokuwa wakisubiri kwa hamu sikukuu ipite ili wafungue ghala, wapunguze kipimo, wadanganye kwa mizani, na kuwauzia maskini hata makapi ya ngano (Am 8:4-6). Wasomeni wale watu kwa makini. Sikukuu waliishika! Hawakufungua duka siku ya Bwana. Waliketi katika ibada, huku moyoni wakihesabu faida ya kesho yake. Nabii anatuonyesha mtu wa dini kamili, ambaye dini yake imemfikisha hadi mlangoni pa ghala, ikabaki nje.

Sasa, tusiharakishe kumtundika Mwenye Heri Floribert ukutani na kumwashia mshumaa, halafu tukaendelea na mambo yetu. Kuna hatari ya kumpandisha juu mno mpaka asitufae. Tunapoyatazama maisha yake, linalotugusa zaidi ni kwamba siku ile alifanya kazi yake. Alikuwa mkaguzi, akakagua. Hakutosheka na hisia zake, bali alimwendea mtawa mmoja aliyekuwa daktari, akamwuliza chakula cha namna ile kingewadhuru vipi watakaokila. Huu ndio uchaji wa Mungu wa mtu mwenye taaluma: kutaka kujua ukweli wa kitu kabla ya kutia sahihi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inapoeleza amri ya saba, inaitaja rushwa, na papo hapo inaitaja pia kazi iliyofanywa vibaya. Fundi anayepunguza saruji kwenye zege, mwalimu anayefundisha nusu darasani ili auze nusu nyingine katika masomo ya jioni, muuguzi anayemwangalia mgonjwa kwa kadiri ya bahasha, wote wanahusika na amri ile ile ambayo tunadhani ni ya vibaka wa stendi. Hatujawahi kumsikia mtu akijulishwa kwa sifa kwamba ni Mkristo mwema kwa sababu zege lake halipasuki. Ingefaa tuanze.

Tunajua jibu la mitaani: mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Methali hii imegeuzwa kuwa katekisimu ya pili katika nchi yetu, na wengine wanaifahamu kuliko ile ya kwanza. Lakini mbuzi wa methali anakula majani ya nani? Msimu uliopita tulimwona mama mmoja mjane wa kigango chetu akifungiwa viazi vyake kwa lumbesa. Gunia lilijazwa, likafungwa kilemba juu kwa kamba, kile kilemba kikawa karibu gunia jingine, na mama akalipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Waliolifunga walikuwa vijana 3, na 2 kati yao tuliwapa Kipaimara sisi wenyewe kwa kuwatayarisha na kuwapeleka mbele ya Askofu. Walitusalimia kwa heshima, "Tumsifu Yesu Kristo, Padre," bila kuuachia ule uzi wa kushonea. Tuliitikia, tukapita. Hilo nalo linatusumbua.

Lipo pia jibu la pili, lenye uzito zaidi, nalo ndilo lililokuwa nyuma ya maneno ya baba yetu: nikikataa mimi, atafanya mwingine, na mkulima atapunjwa vilevile. Hatutaki kumdanganya. Huenda ikawa hivyo. Injili haijaahidi mahali popote kwamba mtu mmoja akikataa dhuluma, dhuluma itakoma sokoni. Wala hatuwezi kudai kwamba tangu mwaka 2007 hakuna kitu kibovu kilichovuka mpaka ule. Floribert hakuulizwa habari ya mipaka yote ya dunia. Aliulizwa juu ya mchele uliokuwa mbele yake, na juu ya watu ambao wangeupika jioni. Wale walioshuhudia maisha yake wanaeleza kwamba swali lililomshika lilikuwa hili: akizipokea fedha zile, je, bado anaishi ndani ya Kristo? Hilo ni swali ambalo mtu mwingine hawezi kutujibia kwa kuifanya dhambi badala yetu.

Hapa yatupasa tuseme jambo letu wenyewe, kwa kuwa si haki paroko aketi juu ya jiwe akiwatazama waamini wakivuka mto. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia nyingine, tulikuwa tunajenga kanisa, na mabati yetu yalikwama mahali fulani kwa sababu ya karatasi. Karatasi ilikuwa halali, ila "haionekani". Mvua zilikuwa zimekaribia. Mweka hazina wetu, mzee mwenye kuheshimika, alitupigia simu kutoka huko: "Baba Paroko, wanataka ya soda." Tulijibu, "Mzee, fanyeni mtakavyoona inafaa," tukakata simu. Mabati yalifika baada ya siku 2. Tulilibariki paa lile kwa shangwe, kwaya ikaimba, na katika kitabu cha hesabu kiasi kile kikaandikwa "usafiri".

Tulijiona tuko salama, kwa kuwa hatukusema "lipa". Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, iliyopitishwa hapa Tanzania mwaka 2007, mwaka ule ule alipouawa Floribert, inamhesabu anayetoa kuwa mkosaji sawa na anayepokea. Na mbele ya Mungu mambo hayakuwa mepesi zaidi. Pilato aliagiza maji ya kunawa. Sisi tulibonyeza kitufe cha simu. Baada ya mwaka hivi, tukiwa tunaagana na mzee yule kwa sababu ya kuhamishwa, alitushika mkono akasema, kwa sauti ya chini na bila hasira: "Padre, siku ile nilikupigia ili unikataze." Hatujapata neno la kumjibu hadi leo.

Maneno ya mzee yule yanatufanya tuamini kwamba mara nyingi mwamini hashindwi kwa kukosa kujua lililo jema. Analijua. Anashindwa kwa sababu yuko peke yake wakati ule, na wale ambao wangempa nguvu wamekata simu. Floribert hakuwa peke yake kwa namna hiyo. Alikuwa na wenzake wa Jumuiya aliosali nao, alikuwa na mtawa wa kumwuliza, alikuwa na watoto ambao nyuso zao zilimkumbusha ni nani watakaokula ule mchele. Walipomjia na dola, alikuwa na watu moyoni mwake waliomsaidia kukataa.

Maaskofu wa nchi za AMECEA walipoamua mwaka 1976 kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa uchungaji katika Afrika Mashariki, hawakuwa wakitafuta matawi ya kukusanyia michango. Walitaka mahali ambapo majirani wanaofahamiana wangeiweka Injili karibu na maisha yao na kuyatazama yote mawili kwa pamoja. Tuseme kweli: katika Jumuiya zetu nyingi daftari la michango limekuwa nene kuliko Biblia. Tunajua nani hajalipa ya ujenzi. Hatujui nani analala macho wazi kwa ajili ya yale atakayoamriwa kazini asubuhi. Na mtu akitoa mchango mkubwa tunampigia makofi, wala hakuna anayethubutu kuuliza umetoka wapi, paroko akiwa wa kwanza kutouliza.

Tena tuna desturi nzuri ya rambirambi. Mwenzetu akifiwa, kabla ya jua kutua tumekwisha kuchanga, maturubai yamefika, maharage yako jikoni. Lakini mwenzetu akipoteza kibarua kwa sababu alikataa kusema uongo, tunasema pembeni kwamba hakutumia busara. Hatujawahi kuona turubai likifungwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Kumbe pale ndipo watoto wanapohitaji unga, na ndipo mke wake anapohitaji wanawake wenzake waje kuketi naye, wasimwache asikie peke yake maneno ya ndugu kwamba ameolewa na mjinga. Bwana alituonya tuketi tuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara (Lk 14:28). Si lazima mtu aketi peke yake kuihesabu. Jumuiya inaweza kuketi naye, na sehemu ya gharama ikaandikwa katika daftari lile lile letu nene.

Kwa hiyo tumeiomba Halmashauri ya Walei ijadili mambo mawili: kwamba taarifa ya michango ihamie mwisho wa ibada na isizidi dakika 5, na kwamba kila Jumuiya iweke akiba ndogo kwa ajili ya mwenzao atakayepata hasara kwa sababu ya uaminifu wake. Wapo waliosema kwamba akiba hiyo italetewa watu wavivu wanaojifanya wafiadini. Inawezekana. Hata rambirambi huliwa na wajanja, na hatujaiacha.

Juma hili tulirudi kwa baba yule wa mizani, safari hii tukiwa 3. Mmoja wetu ni mzee mstaafu aliyefanya kazi ya kilimo kwa miaka mingi, nasi hatukuwa tumejua kwamba anafahamu mambo haya. Alimweleza kwamba mizani ya biashara huhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kuwekewa alama, na kwamba anayeichezea baada ya hapo anavunja sheria. Basi anaweza kumwambia tajiri wake kwa adabu kwamba anaogopa faini na kifungo vya wote wawili. Baba alicheka kwa mara ya kwanza. Mke wake aliuliza, na kama tajiri hatasikia? Mama wa Jumuiya tuliyekwenda naye, yule yule aliyesema tuombe, alimjibu kwamba shambani kwake kuna mahindi, na kwamba ada ya mtoto mdogo wataizungumza.

Msimu unafunguliwa Jumatatu. Jumuiya imekubali kuhamisha ibada yake kutoka Alhamisi, na jioni hiyo itakutana nyumbani kwa baba huyo, saa 11, mara atakapotoka kazini.